Mufindi: nani ana ajira na nani hana? Naomba tuhesabu kwa siku na miezi

#1 Mleta uzi (Mufindi)

Kamwene wadau.

Wiki iliyopita nilimsindikiza mdogo wangu ofisi ya mtendaji wa kijiji kuchukua barua ya utambulisho. Ana stashahada ya ualimu, na bahasha yake ya kaki imeshachakaa kona zote. Mtendaji alipofika sehemu ya kazi hakuuliza, akaandika "mkulima". Mdogo wangu hana shamba. Anamsaidia mama palizi kwenye nusu ekari ya mahindi, basi. Nilitaka kumzuia mtendaji, nikajikuta sijui nimwambie aandike nini. Aandike hana kazi? Siku tatu kabla ya hapo alikuwa Mafinga anapakia mbao kwenye fuso, na alilipwa.

Tangu siku hiyo sijatulia, ndiyo maana naleta uzi huu.

Takwimu za taifa zinasema ukosefu wa ajira ulikuwa asilimia 11.7 mwaka 2006, ukashuka hadi 10.3 mwaka 2014, na utafiti wa nguvukazi wa 2020/21 ukatoa asilimia 9. Sibishani nazo. Ila nikizileta huku kwetu naona hazigusi panapouma. Ukimkuta mtu wa Mufindi asubuhi yoyote utamkuta na jembe, panga, kapu la chai au gogo begani. Muulize mwaka mzima amelipwa siku ngapi, na mwezi upi hakushika hata shilingi. Hapo ndipo mtaanza kuongea lugha moja.

Wasioijua wilaya yetu ya mkoa wa Iringa niwape picha. Tuna kazi kubwa mbili, chai na miti. Chai ina majani mengi mvua zikikolea, kuanzia Desemba hadi Mei hivi. Baridi ya Juni na Julai ikiingia, na ile barafu ya alfajiri inayobabua majani bondeni, mchumaji anarudi na kapu lisilofika nusu. Analipwa kwa kilo, kwa hiyo kapu jepesi ni siku nyepesi. Miti iko kinyume. Masika barabara za msituni hazipitiki, lori likizama kwenye utelezi linakaa siku mbili. Uvunaji unachanganya kiangazi, baada ya Julai, vibali vya mwaka mpya wa fedha vikishatoka Shamba la Miti Sao Hill.

Kwa macho ya mgeni hayo ni mapishano mazuri: chai ikilala, miti inaamka, kwa hiyo mtu afanye kazi mwaka mzima. Kwa wanaume wachache walio karibu na Mafinga au Sao Hill ni kweli. Wengine kazi hizo mbili hazikutani mlangoni kwao. Mchumaji wa chai ni mama wa miaka arobaini mwenye watoto wanne. Huwezi kumwambia Agosti akabebe magogo, alale kambini msituni wiki tatu.

Halafu kazi zenyewe zimebadilika sura. Mimi nimekulia kambini. Mama alikuwa mchumaji wa kudumu kwenye kampuni moja ya chai. Tulikuwa na nyumba ya kampuni, zahanati ya kampuni, na shule tulikwenda kwa miguu dakika kumi. Mshahara ulikuwa mdogo, lakini mwezi wa Julai ulikuwa na mshahara kama Februari. Kwanza ikaja mikasi ya kuchumia, baadaye mashine. Mashine moja wanaishika watu wawili au watatu na inafanya kazi ya kundi zima. Waliobaki wakaanza kuitwa kwa msimu, baadaye wakahamishiwa kwa wakala. Mama aliitwa msimu mmoja, wa pili hakuitwa. Hakuna barua iliyosema amefukuzwa. Jina lake halikusomwa tu asubuhi ile, akarudi nyumbani na kapu.

Mtu kama mama yupo kwenye hesabu ya nani? Siku ile alipofika nyumbani alishika jembe. Kwenye fomu ni mkulima.

Naomba michango. Wa Njombe, Kilolo, Rungwe, Makete, Mbarali, semeni na kwenu.

---

#2 Mdau (Tukuyu)

Mkuu, ndaga fijo kwa uzi.

Rungwe sisi tuna nafuu moja, chai nyingi ni ya wakulima wadogo. Mtu anapeleka majani yake Katumba au Mwakaleli, yeye ndiye bosi wa kapu lake. Ila bei ya kilo ikidorora au malipo yakichelewa, anayeumia wa kwanza ni kijana aliyekuwa anaitwa kuchuma kwa siku, kwa sababu mwenye shamba anaamua kuchuma mwenyewe na watoto.

Sasa hivi wengi wanang'oa chai au wanaiacha ipande juu, wanaweka parachichi aina ya Hass. Tangu makubaliano ya kuuza China, Novemba 2022, kila mtu anataka mche. Mche wa kubebesha, yaani uliounganishwa na kikonyo cha mti mwingine, unaanza kutoa mwaka wa tatu, mkulima akivumilia anaona hela. Naomba niseme jambo ambalo kwenye semina hawalisemi: parachichi halina vibarua wengi. Chai unachuma kila baada ya wiki moja au mbili msimu mzima. Parachichi gari la mnunuzi likifika, mnachuma siku mbili tatu, mnapanga kwenye kreti, kazi imekwisha hadi awamu nyingine. Mwenye shamba anatajirika, mchumaji anapoteza siku. Sipingi parachichi, nina miche yangu mwenyewe. Nasema hesabu ya ajira isichanganywe na hesabu ya mauzo.

---

#3 Mdau (aliyewahi kuwa mdadisi)

Niliwahi kufanya kazi ya kudadisi kaya kwenye utafiti, naomba niweke sawa ili tusiwalaumu wanatakwimu bure.

Swali la msingi ni hili: katika siku saba zilizopita, ulifanya kazi yoyote ya malipo au faida, walau kwa saa moja? Ukisema ndiyo, una ajira. Ndio utaratibu unaofuatwa duniani, ili nchi zilinganishwe. Kwa kipimo cha kimataifa, asiye na ajira lazima pia awe anatafuta kazi. Tanzania tuna kipimo chetu cha kitaifa kinachomhesabu hata aliyekata tamaa ya kutafuta, mradi yuko tayari kufanya, na pia mwenye kibarua cha kubahatisha asiyejua kesho itakuwaje. Kwa hiyo kipimo chetu kina huruma kuliko hicho cha kimataifa.

Jambo la pili. Mwaka 2013 mkutano wa kimataifa wa wanatakwimu wa kazi uliamua kwamba kulima kwa ajili ya kula nyumbani ni kazi, lakini si ajira. Mama yake mleta uzi, kama mahindi yote yanaishia kwenye chungu, kwa utaratibu huo hahesabiwi kuwa na ajira. Neno "mkulima" la mtendaji lilitoka kwenye mazoea ya ofisi, halikutoka kwenye utafiti.

La tatu ni hili analolililia mleta uzi. Kuna kipimo cha ajira isiyotosheleza, yaani mtu amefanya saa chache kuliko anazotaka na yuko tayari kuongeza. Kwenye magazeti hakisomwi, kwa sababu asilimia ya ukosefu wa ajira ndiyo inayopendeza kwenye kichwa cha habari. Na utafiti wa nguvukazi haukupangwa kutoa takwimu za wilaya moja moja. Ukitaka Mufindi peke yake unabaki na sensa, na sensa inakuja mara moja kwa miaka kumi. Ya 2022 ilikuta mkoa wa Iringa una watu 1,192,728, kutoka 941,238 mwaka 2012. Hao robo milioni walioongezeka wanafanya nini Julai na wanafanya nini Januari, sensa ya usiku mmoja wa Agosti haiwezi kukujibu.

---

#4 Mdau (mwenye mashine ya mbao, Mafinga)

Nimesoma yote. Mimi ni mwajiri mdogo, nina dingdong moja, yaani mashine ndogo ya kupasulia magogo. Naomba nami nisikilizwe.

Vijana kazi ipo. Natafuta wa kusukuma gogo, wa kupanga mbao, wa kuzoa pumba, nakosa. Anakuja Jumatatu, Jumatano amepata chake kidogo yuko kwenye ulanzi, pombe ya mianzi, Ijumaa anarudi anadai nimshike mkono. Nikimpata anayejua kunoa msumeno na kupasua bila kuharibu gogo, viwanda vya vinia vinamchukua.

Mnasema mtu alipwe mwezi mzima. Mimi mwenyewe sina mwezi mzima. Nikikosa malighafi mashine inalala. Magogo ya Sao Hill yanapatikana kwa mgao na kwa mnada, mdogo kama mimi nanunua kwa aliyepata, au naenda kwa wanavijiji kununua miti michanga ambayo haijakomaa. Najua si vizuri kuikata, lakini mwenye mti ana ada ya mtoto na mimi nina marejesho ya mkopo. Nguzo za umeme zilitupa uhai miaka ile ya umeme vijijini, milingoti (mikaratusi) yote ilikuwa na soko. Sasa nguzo za zege nazo zimeingia. Kabla hamjamlaani mwajiri wa kibarua, jueni na yeye ni kibarua wa msimu.

---

#5 Mleta uzi

Mkuu wa dingdong, sijakulaani, na nimefurahi umekuja. Hili la mwisho ulilosema ndilo kiini cha uzi.

Kuhusu vijana naomba tutofautiane kwa heshima. Nimebeba magogo misimu miwili. Amri ya kima cha chini iliyoanza Januari 2023 iliweka shilingi 140,000 kwa mwezi kwa kazi za kilimo, kutoka 100,000 ya mwaka 2013. Ukiigawa kwa siku 26 ni kama 5,384 kwa siku. Kuna sehemu wanalipa zaidi ya hapo kwa siku, nakubali. Lakini kiwango cha mwezi kinamlinda aliye na mwezi. Nikiitwa siku tisa, sheria inanilinda siku tisa, zile nyingine najitegemea. Kijana anayejua kwamba hata akija kila siku kwa adabu, wiki ijayo mashine inaweza kulala na asiitwe, atatunza adabu hiyo kwa ajili ya nini? Ulanzi upo, sikatai, na unatuumiza. Ila wenzangu niliobeba nao magogo wengi walianza kukaa kilabuni siku ambazo hakuna kazi, na walipozoea ndipo wakaanza kukosa siku za kazi.

Tena kuna usalama. Mwaka mmoja kijana wa kitongoji chetu alibanwa mguu na gogo kwenye eneo la uvunaji la mkandarasi mmoja. Mfuko wa fidia kwa wafanyakazi upo kisheria na ni wajibu wa mwajiri kuchangia. Mkandarasi alisema hamjui, jina halimo kwenye daftari lolote. Mguu umepona vibaya. Leo anauza vocha, na kwenye takwimu ni mtu aliyejiajiri.

---

#6 Dada (Mufindi, kazi za vitalu)

Kaka umewasemea wanaume wa magogo, sisi wa viriba, vile vifuko vya plastiki vya kuoteshea miche, umetupitia juu juu.

Miti haioti yenyewe. Agosti mpaka Novemba tunajaza udongo kwenye viriba, tunapanga, tunahamishia miche, tunamwagilia, tunang'oa majani. Tunalipwa kwa idadi ya viriba. Wengi ni wanawake na wengi tunakuja na mtoto mgongoni. Udongo wa asubuhi ni baridi mpaka vidole vinakufa ganzi. Mvua zikianza Desemba wanapanda, tunapata siku chache za kubeba miche kwenda shambani, halafu kwishnei. Palizi ya miti michanga inakuja, lakini mara nyingi wanataka wanaume wa kufyeka.

Januari na Februari ndiyo miezi ambayo sitaki hata kuikumbuka. Mahindi ya mwaka jana yamekwisha, mapya bado mabichi, watoto wanarudi shule wanataka daftari na sare. Elimu bila ada tangu 2016 imetusaidia sana, lakini daftari na viatu ni vyako. Kijiji chetu kiko mbali na chai. Wenye watoto wa kike waliomaliza darasa la saba wanaanza kupigiwa simu: kuna mama Dar anatafuta dada wa kazi. Binti anapanda basi Mafinga na mfuko wa rambo. Naomba mtu aniambie huyo amepata ajira au tumempoteza, kwa sababu mimi wangu wa kwanza alikwenda hivyo na nauliza kwa dhati.

---

#7 Mdau (Dar, mwenye shamba la miti Mufindi)

Dada pole sana. Umenigusa.

Nikiri, mimi ni mmoja wa wale watu wa mjini walionunua ardhi Mufindi kupanda mipaini. Niliamini naleta ajira. Nililipa watu kusafisha, kuchimba mashimo, kupanda, miaka miwili mitatu ya palizi. Baada ya hapo ni mlinzi mmoja na watu wa kusafisha barabara za kuzuia moto kila kiangazi. Miti inakua. Nifanye nini tofauti?

---

#8 Mleta uzi

Mkuu wa Dar, asante kwa uungwana wa kuuliza.

Ekari zako zilikuwa za mtu. Aliyekuuzia huenda alikuwa na shida ya ghafla, mgonjwa au msiba, au aliona jirani ameuza akanunua pikipiki. Mkipanda mipaini, pale ambapo kaya ilikuwa inapata siku nyingi za kulima mahindi, maharage na ngano, panabaki siku chache kwa mwaka kwa miaka kumi na zaidi, hadi kuvuna. Hela ya kuvuna ni yako. Sikulaumu kununua, uliuziwa. Lakini ndiyo maana kijiji chenye msitu mnene pande zote kinaweza kuwa na vijana wengi waliokaa darajani.

Cha kufanya kipo. Usipande yote mwaka mmoja na kuvuna yote mwaka mmoja. Gawa vipande, ili kila mwaka pawe na kipande cha kupanda, kingine cha palizi na kingine cha kupogoa matawi. Kupogoa hakufanywi na wengi, na ndiko kunakotoa mbao safi isiyo na vifundo. Miti ikifikia unene, gema utomvu kabla ya kuvuna. Hiyo ni kazi ya miezi mingi, tena hata akina mama wanaiweza. Mfundishe mlinzi wako na vijana wawili pale kituo cha mafunzo ya misitu na viwanda vya mbao Mafinga. Na andika majina. Daftari lenye jina, siku na malipo ndilo lingemwokoa yule kijana wa mguu.

Dada wa viriba, swali lako la binti sina jibu la haraka. Nadhani ajira ni pale anapoweza kusema hapana akarudi nyumbani kwa nauli yake. Kama hana uwezo huo, tusiihesabu kuwa ajira hata akitumiwa elfu thelathini kwa mwezi.

---

#9 Mzee (Njombe)

Wanangu, nimestaafu, nina muda wa kusoma.

Hili la watoto kupanda basi halikuanza na Dar. Baba zetu wa Ubena walikwenda Tanga kukata mkonge, wakaitwa manamba kwa sababu ya zile namba walizopewa. Kulikuwa na ofisi kabisa ya kuajiri watu kwa ajili ya mkonge, SILABU, iliyoanzishwa 1944. Nyanda za juu za kusini zilionekana ghala la mikono. Kodi ya kichwa ilidaiwa kwa fedha, na huku fedha hazikuwepo, kwa hiyo mtu alilazimika kuifuata Tanga.

Mimi nilibahatika kuishi kipindi kingine. Reli ya TAZARA ilipoanza kazi 1976, na kiwanda cha karatasi Mgololo kilipoanza katikati ya miaka ya 1980, kijana wa darasa la saba aliweza kupata kazi yenye kitambulisho, mafao na nyumba. Mgololo ilipokuja kusimama miaka ya 1990 niliona watu wazima wanalia sokoni. Ilibinafsishwa, ikaamka tena, lakini imani ile ya "nikiingia nimeingia" haikuamka.

Naongeza moja. Zamani hata siku isiyo na mshahara haikuwa siku tupu. Kulikuwa na mgowe, leo kwako kesho kwangu, shamba la mjane linalimwa kwa siku moja. Sasa kila kitu ni kwa malipo, na malipo hayapo. Kijana anakaa na mikono yake, na shamba la jirani limeota majani.

---

#10 Mdau (Igurusi)

Huku Mbarali kila Mei na Juni tulikuwa tunapokea watu wa Mufindi na Makete wanaoshuka kuvuna mpunga. Wanalala kwenye mabanda, wanalipwa gunia. Siku hizi mashine kubwa za kuvunia zinakodishwa, zinamaliza ekari wakati mnakunywa chai. Wapandikizaji wa Januari na Februari bado tunawahitaji, mashine hazijashika sana hapo. Dada wa viriba, miezi yako mibaya ndiyo miezi yetu ya kupandikiza. Sisemi uje na mtoto mgongoni kwenye matope na malaria ya bonde letu la Usangu. Nasema tu hakuna ofisi hata moja iliyowahi kutuunganisha, mimi nimejua leo kwenye uzi huu.

---

#11 Mleta uzi

Mdau wa Igurusi umenifungua macho.

Kwa hiyo ninalopendekeza ni dogo. Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, ile ya wanawake 4, vijana 4 na wenye ulemavu 2, kila tukiandika mradi tunaandika kuku, bodaboda au sabuni, kwa kuwa hatuna ushahidi wa kuonyesha shida yetu iko mwezi gani. Tungeweza kuomba kwa ajili ya miezi ile. Kikundi cha viriba kikawa na kitalu chake cha miche ya parachichi, kazi ya kubebesha ikapangwa iangukie pale viriba vinapoisha.

Tuanze kuandika. Kila mwezi, siku ulizolipwa, na kazi gani. Usiandike jina, andika kata na kama ni mwanamke au mwanaume. Nitajumlisha mwenyewe na kumpelekea diwani wetu na afisa maendeleo ya jamii wa kata, nikiwa na karatasi mkononi. Mdogo wangu mwenye stashahada amekubali kuwa karani. Leo asubuhi ameshachora majedwali.

---

#12 Dada (Mufindi, kazi za vitalu)

Naanza mimi. Nimekumbuka kwa kuangalia tarehe za kliniki za mtoto na lini nililipa deni dukani.

Mwanamke, kaya ya watu watano. Januari sifuri. Februari siku mbili, palizi ya mahindi ya mwalimu. Machi nne. Aprili tatu. Mei sita, kuvuna maharage ya watu. Juni tano. Julai moja, nilifua nguo. Agosti kumi na mbili, viriba. Septemba ishirini na mbili. Oktoba ishirini na tatu. Novemba kumi na tisa. Desemba saba, kubeba miche.

Mwambie mdogo wako aandike na huyo binti yangu aliyeko Dar, mstari wake mwenyewe. Siku zake sizijui. Nitampigia Jumapili anaporuhusiwa simu.